UZI: Nyufa za asili kwenye miamba ya mafuta, na kwa nini modeli zake hukosea

#1 MwanaNatih

Assalaam aleykum wakuu.

Juzi humu kulikuwa na mabishano: kwa nini kisima kimoja cha mafuta kinatema maelfu ya mapipa kwa siku, na kingine mita mia chache pembeni kinatoa matone? Majibu yaliyopata likes nyingi yalikuwa "bahati" na "siasa". Mimi kazi yangu hapa Muscat ni kutengeneza modeli za kompyuta za miamba yenye mafuta, khasa ile iliyopasuka, basi nimeona nilete uzi wake. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na hesabu ndogo. Mafuta hayakai kwenye pango wala ziwa la chini kwa chini, yamejibana ndani ya vitundu vya jiwe lenyewe. Chukua mita moja ya ujazo ya jiwe la chokaa ambalo asilimia 30 yake ni vitundu. Humo kuna nafasi ya lita 300. Sasa lipasue kwa ufa mmoja tu, uliosimama wima kutoka upande hadi upande, upana wake sehemu moja ya kumi ya milimita. Ufa huo unaingia mafuta kiasi gani? Desilita moja. Karibu si kitu.

Ila angalia mtiririko. Jiwe hilo lenyewe tuseme upenyevu wake, yaani wepesi wake wa kupitisha mafuta, ni milidarcy 5 (milidarcy ndicho kipimo chake), kiwango cha kawaida kwa chokaa nyingi za Ghuba. Ule ufa mmoja unaliongezea jiwe zima upenyevu wa kama milidarcy 84. Yaani desilita moja ya nafasi inabeba zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yanayotembea, na zile lita 300 zinangoja zamu. Ukiupanua ufa mara mbili, ufike 0.2 ya milimita, mtiririko wake hauzidi mara mbili, unazidi mara nane, kwa sababu upana unaingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara tatu.

Hapo ndipo balaa linapoanza. Namba yenye nguvu kuliko zote kwenye modeli ni upana wa ufa ulioko kilomita moja au mbili chini, na ndiyo namba tunayoijua vibaya kuliko zote. Ukitoa kipande cha jiwe juu, uzito uliokuwa umekibana umeondoka, ufa umefunguka, unapima kitu ambacho chini hakipo. Ukishusha kifaa cha kupiga picha ukuta wa kisima kwa umeme, unaona mstari wa wimbi mahali ufa unapopita, lakini ufa uliojaa udongo wa mfinyanzi nao unapitisha umeme vizuri tu.

Mwenye kutaka ushahidi wa nguvu ya nyufa aende Iran. Tarehe 26 Mei 1908 kisima cha Masjed Soleyman kiliruka mafuta kutoka kina cha takriban mita 360, ndani ya chokaa inayoitwa Asmari. Ukilipima jiwe la Asmari maabara, sehemu nyingi halifiki hata milidarcy moja. Kwa kipimo hicho visima vyake vilitakiwa viwe vya kusikitisha. Lakini milima ya Zagros ilipojikunja ililivunjavunja jiwe hilo, na baadaye maeneo kama Gachsaran yakawa na visima vya makumi ya maelfu ya mapipa kwa siku.

Kuhusu modeli zenyewe, kuna njia kubwa mbili. Ya kwanza ni ya zamani. Mwaka 1960 wanasayansi watatu wa Kisovieti, Barenblatt, Zheltov na Kochina, walisema tuchukulie kila nukta chini ya ardhi ina presha mbili kwa pamoja, moja ya nyufa na moja ya jiwe, na mafuta yanahama kutoka jiwe kwenda ufa kadiri presha hizo zinavyoachana. Mwaka 1963 Warren na Root wakaileta kwa wahandisi wa mafuta ikiwa na ule mchoro maarufu wa vipande vya sukari vilivyopangwa safu kwa safu: vipande ndio jiwe, mianya kati yake ndiyo nyufa. Ujanja wao ni kwamba mambo yote yanabaki namba mbili, moja inasema nyufa zina sehemu gani ya nafasi yote, nyingine inasema jiwe linaachia mafuta kwa wepesi gani. Zote mbili unaweza kuzisoma kwenye jaribio la presha la kisima.

Njia ya pili ni kuchora nyufa mojamoja. Unaipa kompyuta takwimu za mwelekeo, urefu na wingi, inakumwagia visahani makumi ya maelfu ndani ya boksi, kila kisahani ni ufa mmoja, kila kundi rangi yake. Picha inapendeza mno. Wakubwa wakiiona kwenye mkutano wanatikisa kichwa.

Msimamo wangu, na niko tayari kubishana: picha ile inauza sana na inatabiri kidogo. Nyufa nyingi unazoziona hazipitishi kitu. Modeli ianze na kile kisima kinachokwambia kikiwa kinafanya kazi, yaani presha, tope lililopotea wakati wa kuchimba, na siku maji yalipoanza kuingia. Visahani vifuate baadaye, vikihitajika.

Karibuni.

#2 Siti_Ya_Mbele

Nimeshaweka kambi. Tuendelee mkuu.

#3 Nyundo_Makutupora

Mkuu MwanaNatih, mimi mafuta sijawahi kuyaona zaidi ya sheli, ila nachimba visima vya maji Dodoma na hapa umenigusa. Huku kwetu jiwe ni graniti, maji yako kwenye sehemu iliyooza na kwenye nyufa zake. Bonde la Makutupora linaloinywesha Dodoma ni habari hiyo hiyo.

Nikuelezee inavyokuwa. Tunachimba kwa upepo na nyundo. Ukiwa kwenye graniti nzima, rigi inatoa vumbi la kijivu, kavu, jeupejeupe, mpaka mashati yanakuwa ya rangi moja. Unashusha rodi baada ya rodi, mteja amekaa kwenye kiti cha plastiki anahesabu mita zake. Halafu ghafla sauti ya nyundo inabadilika, rodi inashuka haraka kidogo, vumbi linakata, na kokoto zinazotoka zina kutu ya kahawia upande mmoja. Hapo tunaangaliana. Ile kutu maana yake maji yamepita hapo miaka mingi. Dakika chache maji yanaruka.

Kisima cha pili, shamba la jirani, mashine ile ile ya kupima umeme wa ardhi imesema pazuri, unachimba mpaka mwisho wa bajeti, vumbi kavu. Mteja anakuona tapeli.

Swali langu: nyinyi wenye pesa ya mafuta mnakosaje nyufa? Mnachimba kilomita nzima!

#4 MwanaNatih

Mkuu Nyundo, umeeleza vizuri kuliko slaidi nyingi nilizowahi kukalishwa kuzitazama. Ile kutu kwenye kokoto ni data ya dhahabu, inakwambia ufa huu unapitisha. Mimi kwenye picha ya umeme sioni kutu.

Kuhusu kukosa, tatizo ni pembe. Nyufa nyingi za chini zimesimama wima, na kisima cha kawaida nacho kinashuka wima. Vitu viwili vinavyokwenda sambamba havikutani. Chukua nyufa wima zilizoachana mita mbili mbili. Kisima cha inchi nane na nusu, kama sentimita 22, kikishuka wima kina nafasi moja kati ya tisa hivi ya kuugusa ufa, hata kikishuka kilomita nzima. Kilaze kisima hicho hicho kikate nyufa kwa pembe mraba, mita 1,000 zitakutana na nyufa 500. Jiwe moja, majibu mawili yasiyofanana hata kidogo.

Ruth Terzaghi aliandika kuhusu hili mwaka 1965 na akatoa namna ya kulisahihisha: kila ufa uliouona unaupa uzito kulingana na pembe yake na kisima, ule uliokaribia kwenda sambamba unahesabika kuwa nyingi. Inasaidia, lakini sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Kisima ambacho hakikugusa ufa hakina cha kusahihishwa.

Kwenye rigi zetu kitu kinachofanana na kutu yako ni tope. Tunachimba kwa tope zito linalozunguka, linashuka kwenye bomba na kupanda pembeni. Tukikata ufa ulio wazi, tope linapungua kwenye matangi juu. Ufa mwembamba unameza kidogo kisha unaziba. Mpana unameza mpaka mzunguko mzima unakatika, simu zinaanza kulia usiku. Kwa mwenye rigi ni hasara. Kwa mimi ni mistari minne kwenye ripoti ya asubuhi yenye thamani kuliko picha ya ukuta mzima wa kisima: kina fulani, kiasi fulani, kilimezwa kwa muda fulani. Ajabu ni kwamba ripoti hizo wachimbaji wanaziandika kwa haraka na wajiolojia wengi hawazifungui.

#5 Mwanafunzi_Mlimani

Shikamooni. Mimi nasoma jiolojia mwaka wa tatu. Samahani kama swali ni la kitoto: kwa nini msitumie mitetemo ya ardhi kuona nyufa kabla ya kuchimba? Tumefundishwa kwamba siku hizi ni ya 3D na inaonesha kila kitu.

#6 MwanaNatih

Marahaba. Si la kitoto, mameneja wanaliuliza kila mwaka.

Mawimbi ya mitetemo yakifika kwenye kina cha mafuta, kitu kidogo kabisa yanachokiona vizuri ni cha makumi ya mita. Mpasuko mkubwa uliosogeza matabaka mita 20 au 30 utauona. Ufa wa sehemu ya kumi ya milimita ambao haujasogeza chochote, hapana. Unachoweza kupata ni dalili: mawimbi yanakwenda kasi tofauti kidogo ukiyapima sambamba na nyufa na ukiyapima kwa kuzikata, kwa hiyo unapata mwelekeo wa jumla. Ni kidokezo kizuri. Wanaokuuzia ramani ya rangi na kuiita ramani ya nyufa wanakuuzia rangi.

Njia bora kwa mwanafunzi ni kwenda kwenye jiwe lenyewe lililochomoza juu. Sisi Oman tumejaaliwa. Tabaka la Natih ambalo kwenye visima vya Fahud na Natih liko chini, limechomoza kwenye Jabal Madmar karibu na mji wa Adam, na pembezoni mwa Jabal Akhdar. Unatembea juu yake kwa viatu. Ukipiga magoti unaona mambo ambayo kisima hakikuoneshi. Nyufa za kundi moja zinapanda ndani ya tabaka la chokaa, zikifika kwenye kitabaka laini cha udongo, chembamba kama kidole, zinaishia hapo hapo. Hazivuki. Tabaka likiwa nene nyufa zake zimeachana, likiwa jembamba zimebanana. Kisha katikati ya hizo kuna chache ndefu, zimekata matabaka yote juu hadi chini. Na nyingi ni nyeupe kwa ndani, zimejaa madini ya kalsaiti, zimekufa zamani.

Ukishaona hivyo huwezi tena kumwaga visahani ovyo ovyo ndani ya boksi. Unajua zile ndefu chache ndizo barabara kuu. Ila angalizo: jiwe lililopanda juu limepasuka zaidi wakati wa kupanda, limepigwa jua na mvua. Chukua mpangilio wake, idadi usiibebe.

#7 Chaki_Nyeupe

Nimesoma kimya kimya, sasa imebidi niingie. Mimi ni Mtanzania, mjiolojia, niko Aberdeen. Mkuu MwanaNatih, unaionea njia ya kuchora nyufa.

Hiyo modeli ya sukari unayoisifia ina dhana moja kubwa iliyofichwa, kwamba nyufa zote zimeunganika, popote ulipo unaweza kutembea ndani ya ufa mpaka kisimani. Nani kasema? Kwenye mwamba wenye nyufa chache na fupi, mtandao unaweza usiunganike kabisa. Unaongeza kidogo urefu au wingi, ghafla unaunganika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Badiliko hilo haliji taratibu, linaruka. Omega na lambda, yaani zile namba mbili za Warren na Root, hazitakuonesha mahali pa kuruka. Visahani vitakuonesha.

Pia hamtofautishi aina. Ronald Nelson aliigawa miamba hii ya mafuta yenye nyufa makundi manne: ambako nyufa ndizo ghala na ndizo njia, ambako ni njia tu na ghala ni jiwe, ambako zinasaidia jiwe ambalo tayari linapitisha, na ambako nyufa zilizoziba zinageuka ukuta. Chokaa yako ya Oman ni kundi la pili. Huku tuna graniti na naisi (mwamba mgumu uliogeuzwa na joto na presha) ambazo jiwe lake halina kitu. Utatumiaje vipande vya sukari wakati kipande chenyewe hakina sukari?

Mfano wa shida ya kuunganika ni Clair, eneo la mafuta baharini magharibi ya visiwa vya Shetland, Uingereza. Iligunduliwa 1977, mafuta ya kwanza yakatoka 2005. Miaka 28! Sababu kubwa mojawapo ni kwamba mchanga wake una nyufa na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika zinaungana vipi. Wangekuwa na uwezo wa leo wa kuchora mitandao wasingekaa muda wote huo.

#8 MwanaNatih

Karibu dada au kaka, hoja ya kuunganika naikubali yote. Hata mimi nikihitaji kujua kama mtandao unaunganika nachora visahani. Ninachokataa ni kuvichukua visahani hivyo, kuvisaga kuwa namba za wastani kwa kila kiboksi cha gridi ya modeli, kwa njia ya mtafiti Oda ya 1985, kisha kujisahaulisha kwamba njia ile nayo, kwa fomula yake ya asili, inachukulia nyufa zimeungana vya kutosha. Umetumia wiki nzima kuchora muungano, dakika moja programu imeufuta, na hakuna aliyeshtuka.

Na kwa kuwa umetaja magharibi ya Shetland, hapo hapo kuna Lancaster. Naisi ya zamani mno, imepasuka, ya kampuni ya Hurricane Energy. Umeitaja vizuri aina yake: ghala na njia ni nyufa. Walikuwa na picha za ukuta wa kisima, majaribio ya presha ya kuvutia, visima viwili vya kulala, na modeli zilizoandaliwa kwa ustadi. Mafuta ya kwanza yalitoka Juni 2019. Visima vilitoa vizuri kweli, hapo hakuna aliyedanganya. Lakini maji yakaja mapema kuliko walivyotarajia, kisima kimoja kikafungwa, na mwaka 2020 kampuni ikashusha kwa kiasi kikubwa makadirio yake ya mafuta yanayoweza kutolewa. Mpaka kati ya mafuta na maji, uliokuwa umewekwa chini sana, ikaonekana uko juu zaidi.

Sisemi walikuwa wajinga, hapana shaka walikuwa watu hodari. Nasema kwamba kisima kutoa kwa kasi kinakwambia njia ni pana. Hakikwambii ghala ni kubwa. Kwenye mwamba wa nyufa vitu hivyo viwili vimeachana kabisa, na mtandao wa visahani unaruhusu kuongeza ghala kwa kubadili tu namba moja ya upana, bila picha kubadilika hata kidogo. Huo ndio wasiwasi wangu na uzuri wa picha.

#9 Chaki_Nyeupe

Ni dada. Lancaster naikubali, hapa mjini iliumiza watu wengi wenye hisa. Lakini usiibebeshe njia kosa la namba. Hata modeli ya sukari ukiiwekea mpaka wa maji usio sahihi itakupa mafuta yasiyokuwepo.

#10 MwanaNatih

Hapo umenibana, dada. Sina jibu la haraka zaidi ya kusema namba mbili ni rahisi kuzishuku kuliko namba mia mbili.

#11 Sina_Presha

Nimesoma yote mpaka hapa, nimeelewa neno "sukari". Ila nimeipenda. Endeleeni wakuu.

#12 Mvuke_Naivasha

Wadau, salamu kutoka Naivasha. Niongeze kitu, kwa sababu watu wanadhani hii ni habari ya mafuta pekee. Olkaria umeme wa kwanza wa mvuke ulianza 1981 na mtambo wa megawati 15, na mwamba wake ni wa volkano, mvuke unapanda kupitia nyufa na mipasuko. Hesabu ni binamu ya hiyo ya Warren na Root. Sisi tunatumia ile ya Pruess na Narasimhan ya 1985, ambayo kila kipande cha jiwe unakigawa maganda maganda kutoka nje kwenda ndani, kwa sababu joto linachukua muda kutoka katikati ya jiwe. Olkaria Mashariki ilishafanyiwa modeli ya kompyuta na matokeo yakachapishwa 1987, si jambo la juzi.

Kosa linalouma kwetu ni kurudisha maji baridi ardhini mahali pabaya. Ukiyarudisha kwenye kisima kilichounganishwa na ufa mpana na kisima cha mvuke, yanafika hayajapata joto, mvuke unashuka. Ndiyo maana kabla ya kuamua watu hutia rangi maalumu kwenye maji hayo na kukaa wanapima visima vya jirani. Rangi ikitokea haraka, huo ni ufa, hamisha. Naona kama jaribio hilo limenyooka kuliko visahani na sukari vyote viwili, bana.

Pia kuna swali nataka mwanzilishi alijibu: ufa gani unapitisha? Barton, Zoback na Moos mwaka 1995 walionesha kwa visima vya California na Nevada kwamba nyufa zinazopitisha maji ni zile zinazosukumwa na nguvu za ardhi karibu na kuteleza. Mnaitumia Oman?

#13 MwanaNatih

Mkuu wa Naivasha, umeongeza uzito. Rangi na gesi za kufuatilia tunazitumia pia, na nakubali, jibu lake halihitaji imani.

Kuhusu nguvu za ardhi: tunaiangalia, lakini kwa chokaa naipokea kwa tahadhari. Kwenye graniti ufa ukiacha kuteleza unajifunga. Kwenye chokaa, madini huota ndani ya ufa kwa sehemu, yanakuwa nguzo zinazouzuia usifunge, hata kama nguvu za leo zinaubana. Kwa hiyo utakuta ufa ambao nadharia inasema umekufa, na unakunywa tope lako lote.

#14 Baba_Aisha

Swali la mlalahoi. Kama mafuta yako kwenye jiwe na nyufa ni njia, kwa nini msisukume maji yayatoe? Nasikia ndivyo wanavyofanya kila mahali.

#15 MwanaNatih

Swali la mlalahoi ndilo lililokula mabilioni, Baba Aisha.

Maji yanatafuta njia nyepesi. Ukiyasukuma kwenye chokaa yenye nyufa yanaingia ufa, yanakimbia moja kwa moja hadi kisima cha upande wa pili, na mafuta yamebaki ndani ya jiwe. Na chokaa nyingi za huku jiwe lake linapenda mafuta kuliko maji, yaani mafuta yamegandia kuta za vitundu na maji hayaingii yenyewe. Fahud walijaribu maji, hayakuleta kilichotarajiwa. Kinachofanya kazi pale ni gesi: nyufa zinajaa gesi, mafuta ndani ya jiwe yanakuwa mazito kuliko gesi iliyoyazunguka, yanashuka kwa uzito wake mpaka chini, yanakusanyika, unayavuta. Polepole mno. Mhandisi wa gesi na uzito anahitaji subira.

Qarn Alam, eneo jingine la mafuta hapa Oman, ndiyo ninayoipenda kuwasimulia watu. Iligunduliwa 1972, mafuta mazito ya digrii 16 za API (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo mafuta ni mazito), kwenye joto la ardhini hayataki kutembea. Nyufa zake zilitoa kilichokuwa ndani yake, kisha uzalishaji ukaanguka. Ukihesabu kushuka kwa uzito peke yake ungengoja vizazi. Wakaamua kuingiza mvuke kwenye nyufa. Mvuke hauhitaji kuingia kwenye vitundu. Unajaza nyufa, joto lenyewe linapenya jiwe pande zote, mafuta yanalegea, yanashuka. Zile nyufa zilizokuwa laana kwa maji zikawa bomba la kugawa joto. Kwenye modeli yake swali likageuka. Upana wa ufa ukapungua umuhimu, ukubwa wa kipande cha jiwe ukapanda, kwa sababu joto linapita jiwe bila kujali vitundu na muda wake unategemea umbali hadi katikati ya kipande.

#16 Chaki_Nyeupe

Baba Aisha, nikukamilishie upande wa pili. Ekofisk huko Norway, iliyogunduliwa 1969, ni chaki iliyopasuka na maji yamefanya kazi vizuri sana tangu yalipoanza kusukumwa kwa wingi mwaka 1987. Jiwe lake linapenda maji: maji yakifika kwenye ufa, chaki inayanyonya na kuyatema mafuta. Nyufa zinayafikisha maji kila mahali. Kabla ya hapo presha ilivyoshuka chaki ilibanwa mpaka sakafu ya bahari ikazama, wakalazimika kuyainua majukwaa mita 6 mwaka huo huo wa 1987. Na chaki iliendelea kuzama hata baada ya maji, kwa sababu maji yenyewe yanailegeza.

Kwa hiyo ukiona mtu anakuletea modeli ya nyufa bila kukwambia jiwe linapenda nini, muulize hilo kwanza.

#17 Mzalendo_Halisi

Nauliza kwa maslahi ya taifa: gesi ya Songo Songo na mafuta ya Uganda nayo ni ya nyufa? Tusije tukaibiwa kwa lugha ngumu.

#18 MwanaNatih

Hapana mkuu. Songo Songo ni mchanga uliogeuka jiwe, na ya Ziwa Albert ni mchanga pia. Pale vitundu vya jiwe ndivyo vinavyofanya kazi yote. Shida ya Uganda ni nta, mafuta yanaganda, ndiyo maana bomba lao ni la kupashwa joto. Mambo ya mikataba yana uzi wake humu.

#19 Mwanafunzi_Mlimani

Asanteni sana. Nataka kufanya mradi wa mwisho juu ya hili. Programu za kampuni leseni zake sitaziweza. Nianzie wapi?

#20 Chaki_Nyeupe

Mdogo wangu, za bure zipo. FracPaQ ya Aberdeen inachukua picha ya nyufa uliyoichora juu ya jiwe na kukupa urefu, mwelekeo na wingi wake. dfnWorks ya Los Alamos inachora mtandao na kupitisha maji ndani yake, ila uwe na Linux na subira. MRST ya SINTEF ina sehemu ya kuingiza nyufa mojamoja ndani ya gridi ya kawaida, na inakubali Octave, programu ya hesabu ya bure, kama huna MATLAB ya kulipia. Kwa laptop ya mwanafunzi anza na MRST, mfano mdogo wa nyufa tatu. Ukifika nyufa mia moja laptop itakwambia yenyewe.

#21 MwanaNatih

Na kabla ya kuchora chochote, chora grafu ya presha dhidi ya muda kwa mfano wa Warren na Root kwa mkono. Kisha chora mteremko wake, yaani kasi ya presha kubadilika, kwa mtindo wa Bourdet wa 1983. Utaona bonde katikati: mwanzo zinatoa nyufa, bonde ni jiwe likianza kuchangia, kisha vinakwenda pamoja. Ukilielewa bonde lile unaweza kujadiliana na mtu yeyote. Ila jua kwamba mabonde yanayofanana huletwa na mambo mengine pia, kwa mfano kisima kilichokata matabaka mawili yasiyolingana. Wengi wameona bonde wakatangaza nyufa.

#22 Nyundo_Makutupora

Mimi narudi kwenye shamba langu. Mwanafunzi, ukikosa jiwe la mafuta njoo Dodoma, graniti ipo ya kutosha. MwanaNatih, tuseme nataka visima vyangu visaidie mtu wa modeli siku moja. Niandike nini ambacho siandiki sasa? Kwenye fomu yangu kuna kina, maji ya mwisho na sahihi ya mteja.

#23 MwanaNatih

Mkuu, "maji ya mwisho" ndiyo inayoua. Andika maji kila unapoongeza rodi, hata kwa ndoo na saa ya mkononi, ili ijulikane yaliingia kina gani na kama yaliingia mara moja au mara tatu. Andika kina ambacho vumbi lilikata, na ambacho rodi ilishuka yenyewe, imeshuka kiasi gani. Ile kokoto yenye kutu itie kwenye mfuko, andika mita. Visima vikavu viandikwe kwa uangalifu ule ule, kwa sababu modeli inajifunza zaidi kwa kisima kikavu kilichoandikwa vizuri. Na ukiweza, chimba kimoja kwa kuinama kidogo uone tofauti.

#24 Nyundo_Makutupora

Cha kuinama rigi yangu haiwezi, na mteja ataniuliza kwa nini namchimbia jirani. Hayo mengine nimechukua. Ndoo ipo.

#25 Mwanafunzi_Mlimani

Mkuu Nyundo, nimekutumia ujumbe PM.